Kikapu Kilichooshwa

Buhare, Ijumaa alasiri

Nyangeta, mama yangu,

Wewe na mama yako mmepanda lori la asubuhi kwenda Butiama kumuaga bibi yako mzaa mama, na hapa nyumbani nimebaki mimi na kuku. Kaka yako Masatu yuko chini bustanini anamwagilia vitunguu. Namsikia anaimba, na kama unavyojua, sauti hiyo haikutoka upande wangu. Basi nimepata nafasi. Nimevuta kiti cha wageni, nimekaa mezani kama karani wa kijiji, na tayari nimeharibu karatasi mbili kwa ajili ya salamu. Salamu za nini, na jioni tutakula pamoja? Nimeziacha.

Juzi tulikuwa tunapepeta mbegu za mchicha, ukaniuliza, "Baba, na nikishindwa huko chuoni je?" Nikajifanya natafuta ungo. Ungo ulikuwa magotini pangu. Ukaendelea kupuliza makapi, na mimi nikaanzisha habari za mvua. Tangu saa ile swali lako linanifuata kama mbuzi aliyezoea kulishwa mkononi. Barua hii ni jibu lake. Nitachelewa kulifikia, unisamehe. Mimi nikitumwa chumvi napitia kwanza kwa majirani.

Ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kufunga sanduku, na ya vijana wa Mwanza wenye maneno matamu, mama yako ameshayasema na kesho atayarudia mpaka basi liondoke. Yangu mimi ni ya vikapu.

Unajua tulivyoanza, lakini unajua kwa masimulizi ya mama yako, na yeye hunipunguzia aibu. Mimi ni mtu wa Bunda, wa pamba na ng'ombe. Kwetu mboga ilikuwa kitu cha wanawake kuchuma nyuma ya nyumba wakati maji ya ugali yako motoni. Mwanaume alilima pamba, akachunga, akanywa pombe yake, akalala. Uhuru ulipokuja nilikuwa kijana mwenye mke, na Masatu anakimbia uani, na kila mtu alikuwa anasema sasa ni kazi, kila mmoja aangalie anachoweza. Nikaja kumtembelea mjomba huku Buhare, nikaona udongo mweusi wa ufukweni na maji ya ziwa yamelala tu pembeni yake. Nikasema hapa nitalima mboga. Babu yako aliposikia alifunga safari kutoka Bunda kuja kuniangalia kama ninaumwa. Alisimama juu ya tuta langu la kwanza, akachokonoa karoti moja kwa fimbo, akaitazama ilivyo nyembamba.

"Hii ndiyo ng'ombe yako?" akauliza.

Wakaniita Baba Mchicha. Siku za mwanzo nilipeleka mboga mjini nimezifunika kwa wavu, ili watu wa njiani wadhani mimi ni mvuvi. Mama yako akaniuliza samaki gani hao wenye majani. Nikaondoa wavu.

Wakati ule Mwisenge, pale mjini Musoma, ilikuwa inajaa watumishi: walimu, makarani, watu wa hospitali, wengi wametoka mikoa ya mbali na hawana hata tuta moja. Tukapatana nao. Kila Jumamosi kila nyumba ipate kikapu kimoja, na ndani kiwemo kile ambacho bustani imetoa wiki hiyo. Hakuna kuchagua. Mvua zikianza ni mchicha, mgagani na majani ya kunde, mchicha mpaka watu wanaota mchicha. Zikikolea ni mahindi mabichi na maboga na majani yake. Kiangazi, wakati mashamba ya juu yameungua, ndipo ziwa linapotupenda: nyanya, kabichi, vitunguu, vyote kwa ndoo na mgongo. Halafu ule mwisho wa kiangazi ambapo hata mgongo umechoka, ni mnavu, nyanya chungu, na majani ya kunde tuliyokausha. Walilalamika, usidhani. Mke wa karani mmoja alinisimamia mlangoni mikono kiunoni. "Mgagani tena, mzee? Mchungu huu mpaka lini?" Nikamjibu, "Mpaka nyanya zikubali, mama." Alicheka, akakipokea. Mwaka uliofuata ni yeye aliyenitumia salamu kuuliza mgagani unaanza lini, mbona unachelewa.

Nawashukuru watu wale. Walinifundisha kwamba mtu anaweza kula asichokichagua na akashiba.

Sasa nifike kwa bibi yako mwingine, mama yangu mzazi, ambaye umebeba jina lake na ndiyo sababu nakuita mama. Nyangeta yule alikuwa na sheria mbili za kikapu. Ya kwanza, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa viazi, rudisha kikapu na chochote, hata chumvi kidogo, hata karanga za kujaza kiganja. Ya pili, kikapu cha mavuno hakioshwi. Kinakung'utwa tu, kwa sababu baraka inakaa kwenye lile vumbi. "Kikirudi kitupu tena kimeoshwa," alikuwa anasema, "mwenye nyumba amekuambia usirudi tena."

Nyumba za Mwisenge zilijifunza sheria ya kwanza upesi. Vikapu vilirudi na kibiriti, na chumvi iliyofungwa kwenye gazeti, na gazeti lenyewe ambalo nililisoma hata kama ni la mwezi uliopita. Vitu vilipoanza kuadimika madukani, kilirudi kipande cha sabuni kilichokatwa kwa kisu, na mama yako akakipokea kwa mikono miwili. Wewe umeoga utoto wako kwa sabuni za Mwisenge.

Sheria ile ni nzuri. Mimi ndiye niliyeitumia vibaya, na nakuandikia nilivyoitumia, maana hili mama yako hajakusimulia lote.

Siku Masatu anaondoka kwenda Mwanza kutafuta kazi, wewe ulikuwa ndiyo umeanza shule. Nilimjazia kikapu kizuri: viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, kuku aliyekaangwa. Kituoni kulikuwa na wazee wenzangu, na mzee akiwa mbele ya wazee wenzake ulimi unamwasha, anataka kusema neno litakalokumbukwa. Nikamshika bega mwanangu nikamwambia, "Masatu, kwetu kikapu hakirudi kitupu. Na wewe usirudi mikono mitupu."

"Hapo umesema, Baba Masatu!" mmoja akaitikia, na wengine wakaguna kukubali. Masatu aliinamisha kichwa akasema, "Nimesikia, baba." Nilirudi nyumbani kwa baiskeli nikipiga mluzi.

Alikuwa amesikia kweli. Zilikuja barua mbili, kisha kimya. Ukaja mwaka wa amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa, tukang'oa milango na mabati, tukapanda nayo huku barabarani kwenye nyumba za mistari, na bustani tukaiacha kule kule ziwani, tukawa tunashuka kila alfajiri. Wengine walilia kwa sababu ya miembe yao. Mama yako alilia kwa sababu moja tu: "Masatu akija ataikuta nyumba wapi?" Akaenda akapanda maboga kwenye sakafu ya nyumba ya zamani, pale pale tulipokuwa tunalala. Kila msimu anayapanda upya. Ulikuwa unamsaidia kubeba mbegu na hukuuliza. Ni kwa sababu mtu akikuta maboga yanatunzwa anajua wenyewe hawako mbali. Na kila jioni aligawa ugali, akabakiza kipande na mboga yake chini ya kifuniko. Asubuhi tukakila na chai, hakuna aliyesema ni cha nani.

Mimi nilikuwa nasema, "Anatafuta. Akipata atakuja." Nilisema hivyo miaka mingi. Ndani yangu nilikuwa nimeshaanza kumkasirikia.

Nilikuwa katika hasira hiyo ndipo alipohamia mama Hilda, yule nesi kutoka Songea, nyumba ya mwisho kabla ya shule yenu. Alichukua kikapu chake cha kwanza kwa shukrani nyingi. Jumamosi iliyofuata akanirudishia kikapu kitupu. Si kitupu tu, kimeoshwa. Kimesuguliwa mpaka ukindu umerudi kuwa mweupe, nikikinusa hakina hata harufu ya kitunguu. Nilisimama pale na baiskeli yangu nikaona nimefukuzwa mchana kweupe na mtoto wa juzi. Nikakining'iniza kwenye usukani, nikaondoka. Jumamosi iliyofuata nikapita mlango wake bila kusimama, nikamwona amejitokeza kibarazani na mtoto mgongoni, na mimi nikakanyaga pedali kama mtu aliyeitwa na mwenyekiti.

Haya unayajua, maana ndipo ulipoingia wewe. Nilikuwa nimekupa tuta moja la mchicha liwe lako, ule au ugawe. Nikaona linachumwa sana na nyumbani hatuuoni.

"Mchicha wako unaendaga wapi?" nikakuuliza.

"Kwa mama Hilda. Ninapitiaga nikienda shule."

"Nani amekutuma? Yule ameturudishia kikapu kitupu."

Ulinitazama bila ubishi wowote, kama mtu anayetaka tu kuelewa. "Lakini baba, si kilirudi kitupu kwa sababu walikula?"

Nilikufukuza ukateke maji. Ndoo zote zilikuwa zimejaa, lakini nilikufukuza. Ulikuwa na umri wa kupoteza kalamu kila wiki, na ulikuwa umenijibu jambo ambalo mama yangu, mimi na wazee wote wa kituoni hatukuwahi kulifikiria. Sikukukataza tena. Kukuruhusu kwa mdomo kulinishinda, kwa hiyo nilijifanya sioni. Ndiyo ujasiri niliokuwa nao wakati ule.

Basi mchicha wako uliendelea kwenda, na kwa sababu ulikwenda, mama Hilda alituhesabu kuwa ni watu wake. Jumapili moja mwisho wa kiangazi, wakati kikapu ni mnavu na nyanya chungu tu, alikuja mpaka bustanini kwa miguu, jua kali. Nilimkaribisha kwa baridi. Hakuijali baridi yangu. Alikaa kwenye ukingo wa tuta akasema, "Mzee, wiki hii nilikuwa Rukuba kuchanja watoto. Kuna kijana nimemfunga kidonda cha mkono, ndoana ilimwingia. Ana uso wa Nyangeta kabisa. Nikamuuliza kwenu ni wapi, akaniambia ni mbali sana. Nikamuuliza baba yako anafanya nini, akasema analima mboga Buhare."

Rukuba, Nyangeta. Siku zenye anga safi nilikuwa nakiona kile kisiwa nikinyoosha mgongo kati ya ndoo na ndoo. Nilikuwa namtafuta mwanangu kwa macho upande wa barabara ya Mwanza, naye alikuwa nyuma yangu majini, anavua dagaa kwenye kambi za watu.

"Nilimwambia, si uende nyumbani?" mama Hilda akaendelea. "Akasema, 'Sijapata kitu cha kurudi nacho. Baba alishasema.'"

Nilijua ni neno gani. Nililiona limetoka kituoni, likamsindikiza Mwanza, likamrudisha mpaka pale, likamzuia kuvuka kipande cha mwisho cha maji. Nilimshukuru yule mama vibaya. Kisha nikaanza kung'oa magugu mahali ambapo hapakuwa na magugu, mpaka akaondoka.

Kesho yake nilipanda boti. Mama yako hakwenda. Alisema yeye akienda atalia, na kijana mwenye aibu hatakiwi kuliliwa mbele ya wavuvi. Nilibeba kikapu na kilichokuwemo bustanini: mnavu, nyanya chungu, na boga moja kutoka kwenye sakafu yetu ya zamani.

Nilimkuta anaanua dagaa juu ya miamba. Alikuwa amekonda, amekuwa mrefu. Akafuta mikono kwenye kaptula.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Tukasimama. Wavuvi wenzake wakajifanya wanashughulika na nyavu.

"Bado sijapata kitu, baba," akasema.

Njia nzima nilikuwa nimejipangia maneno. Nilikuwa na methali mbili na mstari kutoka Zaburi. Vyote vikanikimbia. Nikasema, "Mama yako anakubakizagia chakula."

"Mpaka leo?"

"Mpaka jana usiku. Tunakulaga na chai asubuhi. Mimi nimechoka kula ugali wako, Masatu. Uje uule mwenyewe."

Aliinama kwenye kikapu. Aliangalia boga. Nikamwambia boti inaondoka saa tisa, nami nitakuwa pale kwenye jiwe. Nikamwambia pia lile nililolisema kituoni lilikuwa la kuwafurahisha wazee, na nililisema kwa kosa. Hilo lilitoka kwa shida, lakini lilitoka. Kisha nikaenda kukaa kwenye jiwe langu, na sijawahi kuliangalia ziwa kwa muda mrefu namna ile bila kuchota maji. Abiria walipanda. Mwenye boti akaniita. Nikamwambia angoje kidogo, nafunga kamba ya kiatu, na miguuni nilivaa malapa.

Akaja. Alikuwa na shati begani na kitambaa alichofungwa na mama Hilda mkononi. Hakuwa na kitu kingine. Mboga yote nilishawaachia wenzake, na kikapu nikakibeba kitupu magotini mpaka Musoma, na tulipopita sokoni nilikishika juu, watu wakione vizuri. Wewe ulikuwa wa kwanza kutuona. Hukumuuliza kaka yako ameleta nini. Ulimnyang'anya shati ukalifua.

Wiki iliyofuata nilimpelekea mama Hilda kikapu nilichokuwa nimemnyima, nikakijaza mpaka kikawa hakifungiki. Nikamwambia ukweli kwa nini nilikuwa nampita. Alicheka mpaka akamweka mtoto chini.

"Kumbe ndiyo hiyo! Kwetu chombo cha mtu unakirudisha safi, mzee. Sikuwa na chumvi, sikuwa na kibiriti, nilikuwa nimehamia juzi. Nilikuwa na kipande kimoja cha sabuni cha kumwogeshea Hilda. Nikasema basi, nikioshe vizuri kikapu cha watu."

Mwaka ule, sabuni ile. Kikapu kile hakikuwa kitupu hata kidogo, na mimi nilikuwa nimekinusa.

Sasa unakwenda kusomea kazi ya yule mama, na najua yeye ndiye aliyekutia moyo. Watu wa hapa wananipongeza kwamba nimemsomesha binti, wakati wengine walinishauri niangalie ng'ombe za mahari. Nawaacha wanipongeze, napenda sifa. Lakini wewe na mimi tunajua nani alimfundisha nani. Ulinirudishia mwanangu kwa mchicha wa tuta moja. Sijawahi kukushukuru, maana mzazi wa kwetu hamshukuru mtoto, hukohoa tu na kuuliza kama umekula. Basi nashukuru, mama. Nashukuru sana. Nimeandika mara mbili ili usidhani kalamu iliteleza.

Kesho Masatu atakupeleka kituoni kwa baiskeli, na kikapu chako kitakuwa mbele, kabla ya vikapu vyote vya Mwisenge. Hukuchagua, kama wao wasivyochagua: msimu huu umetoa viazi vitamu, nyanya za mwisho, karanga ambazo bibi yako wa Butiama hatakosa kukupa, na boga dogo la mama yako, la mahali unapopajua. Barua hii naiweka chini kabisa, chini ya viazi, juu ya ukindu. Kwa hiyo kama unaisoma, vilivyokuwemo vimekwisha na kikapu kiko kitupu mbele yako.

Sasa swali lako. Ukishindwa je?

Ukishindwa, panda basi uje. Usingoje kupata kitu. Usishuke Bunda ukajifiche kwa shangazi, wala usikae mahali popote ambapo unatuona na sisi hatukuoni. Kituoni kesho wazee watakuwepo, na huenda mmoja akakuambia usirudi mikono mitupu, ni maneno yanayopendwa. Najua utakuwa umemwitikia kwa adabu; sasa unaposoma haya, yaache hapo hapo ulipo. Mimi sitasema kitu, nitakuwa nakohoa.

Kikapu usikitafutie cha kuweka. Ukiwa na sabuni kioshe, ukiwa huna kilete na vumbi lake. Siku nitakayokuona unashuka kwenye basi nacho kiko kitupu, sitakichungulia. Nitajua kwamba ulikula. Nitamwita mama yako aongeze unga kwenye ugali, nami nitashuka bustanini kuona wiki hiyo kuna nini.

Ni mimi baba yako,
Baba Mchicha